Gundi Yenye Kifuniko Chekundu

Mume wangu huitwa Fundi na kila mtu, hata mimi mkewe. Ni fundi viatu, na kwa miaka ishirini na saba hakubandika soli ikabanduka. Nimeanza na sifa yake makusudi, maana ubishi wake unakuja.

Tulipomaliza kusomesha watoto tulijikuta na akiba kidogo isiyo na kazi. Mdogo wangu ameajiriwa kwa dalali wa hisa. Siku moja alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja, akatueleza huku Fundi akipiga msasa kisigino.

"Hisa ni kipande cha kampuni, Shemeji. Ukinunua, nawe ni mmoja wa wenye kampuni. Ikipata faida unaweza kupewa gawio, ikiyumba unayumba nayo. Hatifungani ni mkopo. Unaikopesha serikali, inakulipa riba kila miezi sita, na muda ukiisha inakurudishia pesa yako. Haina mbwembwe."

"Basi hiyo ni ya dada yako," Fundi akasema. "Mimi nipe yenye mbwembwe."

Alitaka hisa za kampuni moja tu, kiwanda cha gundi. Kopo lao lenye kifuniko chekundu limekuwa mezani kwake tangu anajifunza kazi. "Gundi hii naijua kuliko ninavyomjua mke wangu," alisema, nami nimesimama pale pale, bila haya.

"Nunua za kampuni tatu nne," mdogo wangu akamsihi. "Ukichota maji yote kwa ndoo moja, uombe isitoboke. Halafu hii ndiyo unayofanyia kazi. Ikiharibika utaumia mara mbili."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Nusu ya akiba ikaenda kwenye gundi. Nusu yangu niliing'ang'ania, nikanunua hatifungani ya miaka mitano, na tangu siku hiyo jina langu likawa Mkopeshaji wa Serikali. Aliniuliza mbele ya wateja kama Waziri amenisalimu leo.

Mwaka wa kwanza alinicheka vizuri. Bei ya hisa zake ilipanda, na kila asubuhi aliisoma kwenye simu kabla hajaniamkia. Gawio likaja nono. Akajinunulia taa ya mezani, nami akaninunulia birika. Riba yangu ilikuja vile vile kama ilivyoahidiwa, bila kuongezeka hata senti.

Ndipo makopo yake ya zamani yalipoisha, na gundi ya makopo mapya ikawa imebadilika. Kopo ni lile lile, kifuniko ni kile kile, lakini ndani ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Niliiona hata mimi, ambaye kazi yangu ni kupokea viatu na kuviandika chaki. Soli zikaanza kurudi, kwanza moja moja, kisha tatu kwa wiki. Fundi alilaumu jua. Mvua ikaja, akailaumu mvua. Mwisho akalaumu miguu ya watu.

"Yule mama anaburuza," akasema.

"Wote wanaburuza, Fundi? Duka la pale mbele lina gundi ya kiwanda kingine. Ijaribu."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aoe mke wa pili. "Nikamtajirishe mpinzani? Mimi ni mwenye kampuni! Nitakuwa najiibia mwenyewe."

Nilichemka. "Una hisa mia mbili. Kampuni huna. Ulicho nacho ni jina lako, na linaondoka na wateja mmoja mmoja!"

Siku mbili tuliongea habari za chakula tu.

Katika siku hizo nilifanya jambo ninalolionea aibu hadi leo. Viatu vyangu vyeusi vya kutokea vilikuwa vimeachama, na alishavibandika mara mbili. Nikavitia kapuni, nikavifunika mboga, nikavipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya soko. Yule bwana alivishona kwa uzi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi.

Halafu akaja Mwalimu, mstaafu ambaye ndiye mteja wetu wa kwanza kabisa. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, kingine alikishika mkononi. Soli ilikuwa imebanduka kwenye arusi ya mwanawe, wakati amesimama kuwausia maharusi. Hakuwa na hasira. "Fundi, nadhani tumezeeka wote wawili," akasema taratibu.

Afadhali angetukana. Fundi alikipokea kiatu, akaminya soli kwa dole gumba, na kwa mara ya kwanza hakulaumu jua. Alikifunga kwenye gazeti. Alhamisi ya wiki ile ilikuwa siku ya mkutano mkuu wa wanahisa wa kiwanda cha gundi, akaenda nacho.

Niliingia naye kama mgeni, nikakaa nyuma. Mwenyekiti alitangaza faida imepanda, gharama za malighafi zimeshuka, ukumbi ukapiga makofi. Fundi akanyoosha mkono.

"Una hisa ngapi, mzee?" Mwenyekiti akauliza.

"Mia mbili."

Watu wakacheka. Fundi akafungua gazeti, akainua kiatu, akaivuta soli kwa vidole viwili mpaka ikaachama.

"Hisa ni mia mbili, lakini mikono hii imeishika gundi yenu miaka ishirini na saba. Mmepunguza nini humo ndani?"

Kicheko kikakatika. Bwana mmoja wa mahesabu akajibu kwa upole kabisa. "Tulibadilisha mchanganyiko, mzee. Faida ilipanda kwa sababu hiyo. Hata gawio ulilopokea lilitoka humo."

Fundi akakifunga tena kiatu kwenye gazeti, akakaa.

Njiani aliniambia, "Umeona viatu vya Mwenyekiti? Vya kushonwa. Havina tone la gundi." Tukacheka mpaka tukasimama. Tukaendelea kutembea. "Ile taa," akasema, "nimeinunua kwa soli ya Mwalimu." Niliumia kwa ajili yake.

Riba yangu ilipoingia nilinunua makopo mawili ya gundi nyingine, nikayaweka mezani kimya. "Msalimie Waziri," akasema, akafungua moja. Alimwagiza mdogo wangu auze hisa mia na hamsini, pesa azigawe kwenye kampuni nyingine na hatifungani. Bei ilikuwa imeshaanza kuteremka, hakupata faida wala hasara. Hamsini alizibakiza za kumwingiza mkutanoni mwakani. Kisha akabandika tangazo mlangoni: kila aliyetengenezewa kiatu tangu gundi ibadilike akirudishe, atatengenezewa bure.

Walikuja wiki nzima, Mwalimu wa kwanza. Jioni ya mwisho, tulipokuwa tunafunga, Fundi akanyoosha mkono.

"Lete na hivyo vyako vyeusi."

"Vyangu havina shida."

"Najua. Kavishona yule wa ng'ambo ya soko. Fundo lake hulifunga upande wa kushoto. Nimeliona siku ile ile ulipovirudisha."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. "Mbona hukusema?"

"Wateja niliwaambia ni jua," akajibu. "Wewe ningekwambia nini?"

Nikavivua. Akauangalia ushonaji wa mwenzake kwa muda, akasema kazi ni nzuri, kisha akaanza kuukata uzi taratibu. Nikakaa kwenye benchi la wateja, miguu mitupu, nikamsubiri.