Jino la Fikirini

"La juu au la chini?" Mama ameuliza hivyo tu, macho hayaondoki kwenye ungo, mchele unarushwa unashuka, unarushwa unashuka, kana kwamba anauliza bei ya dagaa, na Ashura ameganda pale mkekani, kijiko kimo kinywani mwa mwanawe Chande, kwa sababu kijiko kimelia, kli, kimegonga kitu kigumu kwenye ufizi ambao jana ulikuwa laini, na Mama, ambaye kila siku hulalamika kwamba masikio yamekufa, hili amelisikia... atazame basi, ni kuinua mdomo wa mtoto kwa kidole, mwenye digrii ya sayansi, anayeshinda kituo cha utafiti Naliendele akihesabu wadudu wa mikorosho kwa hadubini, atashindwa kuhesabu jino moja? Anashindwa. Kigego, eti, mtoto akitangulia kuota meno ya juu ni nuksi ya ukoo mzima, yeye mwenyewe aliwahi kulisimulia hili chuoni wenzake wakacheka, naye akacheka kuliko wote, jino ni jino, halina kisasi na mtu... "Mbona kimya?" "Anakula, Mama." "Nimekuuliza jino, sijakuuliza tumbo." Na kesho Jumatatu, yaya kaacha kazi, gari la kituo litampitia saa kumi na mbili na nusu, na Chande atabaki hapa Mtawanya kutwa nzima, mikononi mwa nani, mwa Mama, bibi yake, mikono ile ile iliyomlea yeye, sasa moyo unampigia nini?

Fikirini. Jina halitajwi humu ndani, limekuja lenyewe, ndugu yake mchanga, aliyekufa kwa degedege Ashura akiwa na miaka sita, ndivyo ilivyosemwa, Mama alikuwa shambani tangu alfajiri akifyeka chini ya mikorosho, jioni akarudi akakuta msiba, aliyebaki na mtoto ni Bibi Mwanakombo, mama yake Baba, na Bibi keshakufa, marehemu hasemwi, ikawa nafuu kwa kila mtu... lakini kijiko kililia na siku ile, kli, na aliyekishika alikuwa yeye, Ashura, akaona kitone cheupe juu, akakimbia uani akirukaruka, Bibi, Bibi, Fikirini kaota jino, la juu, njoo uone! na mchi wa Bibi ukasimama hewani, wala Bibi hakuja kuona, alimpa kashata, nzima, yeye ambaye kashata moja huwakatia watoto wanne, kaa hapo ule, usipige kelele, naye akakaa kizingitini akala, akalamba na kiganja... kumbe. Kumbe ndiyo maana harufu ya nazi na sukari humtapisha mpaka leo, miaka mitatu ya chuo akimeza dawa za tumbo, daktari anaandika, yeye anameza, na tumbo halikuwa na kosa lolote. Ni yeye aliyesema. Mdomo wake. Na bado anatafuna Bibi akampita na kifurushi, anashika njia ya mikokoni, na kifurushi kikatoa mguu, mguu mmoja mdogo unapiga teke, na mwenye degedege hapigi teke vile, lile lilikuwa teke la kucheza, na Bibi aliporudi alikuwa amelowa hadi kiunoni, mikono mitupu... "Ashura, we! Uji unapoa." "Nasikia, Mama," na kumbe ameshamhamishia Chande paja la pili, upande wa mbali, hajui saa ngapi, na kile kifurushi kilikuwa chekundu, kanga mpya, haijaguswa maji, inapiga kelele kama karatasi, ile Baba aliyomnunulia Mama dukani kwa Gulamali wakati wa Idi na Mama akaapa haitoki mpaka harusi ya... subiri. Subiri kwanza. Kanga ile ilikuwa sandukuni. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulifungwa pindoni mwa kanga ya Mama, ukaenda naye kisimani, ukaenda naye chooni, Bibi alikuwa akisimanga uani watu wasikie, mke wa mwanangu ananifungia sanduku, mimi mwizi? Basi kama Mama alikuwa shambani, na ufunguo ulikuwa shambani.

"Mama." Sauti yake mwenyewe inamshangaza, imetulia kama ya mtu anayesoma ripoti. "Nani alifungua sanduku?" Mchele umerushwa, umeshuka nje ya ungo. "Sanduku gani tena?" "Lenye kanga nyekundu." Kuku amekuja anadonoa mchele mkekani, hakuna anayesema shii. Chande anatafuna kijiko, kli, kli, anajifurahisha, na vidole vya Mama vinatafuta pindo la kanga, pale penye fundo, vinalifungua, vinalifunga, fundo halina kitu.

"Usijibebeshe," Mama anasema, anaongea na ungo. "Ulimwambia Bibi yako jambo alilokwisha kulijua. Nililiona mimi, siku tatu kabla yako, nikamwambia. Shambani sikwenda." "Kusi lilikuwa linavuma, nikaona mtoto asiende na baridi. Nilimfunga kanga ile mwenyewe, Ashura. Nikampa Bibi yako kwa mikono yangu."