Njaa ya Mwalimu Obadiah

Kijijini Gesima hakuna kitu kinachotia watu wasiwasi kama mzee anayetembea asubuhi bila sababu. Ukiwa na jembe, unaenda shambani. Ukiwa na kikapu mgongoni, unaenda kuchuma chai. Ukiwa na Biblia, basi leo ni Sabato. Lakini Mwalimu Obadiah, mstaafu aliyefuga tumbo kwa bidii, alitoka langoni mikono mitupu, akapanda mlima, akashuka, akarudi kwake.

Aliagizwa na daktari mmoja wa Keroka. Sukari ilikuwa imepanda, na dole gumba la mguu wa kushoto halikuhisi tena hata likijikwaa.

"Tembea kila siku, Mwalimu, na vitu vitamu uache," daktari alimwambia. "La sivyo huu mguu utakuponyoka."

Tusimfichie: Mwalimu aliogopa sana. Kaka yake Nyangau alikatwa mguu kwa ugonjwa uo huo, na tangu siku hiyo hakufika popote ila kwa kubebwa.

Basi akatembea. Shida ni kwamba kwetu mzee hapiti langoni mwa mtu akasalimu "Bwakire" kisha akaenda zake. Ataulizwa habari za nyumbani, ataingizwa ndani, na kikombe kitatua mbele yake kabla hajaketi sawasawa. Na chai ya mgeni haipimiwi sukari kwa uchoyo. Kwa Gesare alikunywa na ndizi mbivu. Kwa Ongeri alikunywa na viazi vitamu. Kukataa? Nusu ya kijiji aliifundisha heshima yeye mwenyewe, kwa kiboko. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Huyu wetu alikula na vya wenyeji.

Nyumbani mkewe, Nyaboke, alimwekea ugali wa wimbi na mboga chungu za chinsaga. Akamega matonge mawili, akasukuma sahani.

"Unaona nidhamu, Mama Fred? Hata hamu ya chakula imepungua."

Aliporudi kliniki, daktari alimpima, akampima tena, akakitazama kipimo kana kwamba ndicho kinachougua. Sukari ilikuwa imezidi.

"Mwalimu, kweli unatembea?"

"Kila siku ya Mungu!" Alikuwa akisema kweli, na hilo ndilo lililomuuma.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, akina mama wa Dorkas, kikundi cha kanisa cha kusaidia maskini, waliingia uani wakiimba, Gesare mbele na kikapu kichwani. Ndani mlikuwa na unga wa ngano, mafuta ya kupikia na sukari. Wakaiombea nyumba iliyopungukiwa. Nyaboke alidhani wamepotea njia.

"Usione haya, Mama Fred," Gesare alimnong'oneza. "Mwalimu tunamwona. Kila alfajiri anazunguka boma kwa boma akitafuta chai. Na anavyokula, maskini!"

Nyaboke alishukuru, akawasindikiza hadi langoni kama inavyopasa, kisha akarudi.

"Miaka yote hii nakupikia, leo naletewa sukari ya maskini!" alifoka. Halafu akaketi na machozi yakamtoka. "Na huo mguu ukikatwa, Baba Fred, nitakubeba kwa mgongo upi?"

Mwalimu alilitazama dole lake.

Kesho yake Nyaboke alitangulia njiani. Kwenye kila lango alipiga kelele kabla hawajakaribishwa: "Bwakire! Tumekula, tumeshiba, tunapita!" Mwalimu alimfuata nyuma akihema, na hakuna aliyethubutu kumvuta shati.

Sukari ikaanza kushuka. Daktari akamuuliza siri yake.

"Nidhamu tu," alijibu Mwalimu. Nyaboke akakohoa.

Lakini kijiji hakikosi la kusema. Ongeri ndiye aliyewaletea habari: watu wanasema Mwalimu alikuwa na mjane wake ng'ambo ya mto, na sasa mkewe anamlinda asimtoroke. Mwalimu akawaka moto.

"Mimi, mzee wa kanisa! Sabato hii nasimama mbele ya watu nakanusha!"

Nyaboke alikuwa ameinama akifunga kamba za raba zake.

"Usithubutu," alisema. "Ya mjane ni aibu yako, utaibeba. Ile ya njaa ilikuwa yangu. Vaa viatu, twende."