Neno Lililopigwa Marufuku Maktabani

Neno nililolipiga marufuku maktabani kwangu si tusi. Ni "inasemekana". Mtoto akiandika "inasemekana nyuki hawalali", namrudishia karatasi yake na swali moja: kasema nani? Akijibu "watu", namwonyesha rafu. Nina hasira za karibu, nakiri, lakini hakuna kinachonichemsha kama habari isiyo na mwenyewe.

Mwaka huo darasa la saba walikuwa thelathini na wanane, na kila Jumatano saa nne walikuja kwangu kwa kipindi kimoja. Niliwafundisha kupunguza swali lililo pana kama uwanja wa mpira mpaka likae kwenye kiganja. Niliwafundisha kuanza kitabu kwa nyuma, kwenye faharasa, badala ya kukisoma chote kama adhabu. Na kila jambo waliliandika kwenye kadi, mbele habari, nyuma ilikotoka. Bila vyanzo vitatu, bado hujajua kitu.

Mwalimu Mkuu hakuona faida yake. Ni mtu mwema, ila kwake elimu ni hesabu, mengine ni mapambo. "Mama Maktaba," aliniambia siku moja mlangoni, kikombe cha chai mkononi, "kile kipindi nakihitaji kwa hesabu. Siku ya wazazi nionyeshe mtoto mmoja aliyefaidika. Nisipomwona, muhula ujao nakichukua."

Siku hiyo ya wazazi ndiyo iliyokuwa pia sherehe ya shule kutimiza miaka hamsini. Fulana zilishachapwa. Bango jipya lilishasimama getini, 50 yake kubwa kuliko jina la shule.

Nilimchagua Redio. Jina lake la daftarini walimu tulishalisahau. Binti huyo alijua nani kahama, nani kanuna, na mwalimu gani ana mchumba, na kila taarifa aliifungua kwa lile neno langu la marufuku. Nikajiambia, nikimbadilisha huyu nimeshinda. Swali alilochagua likawa: shule yetu ilianza lini? Nikacheka moyoni. Jibu liko getini, mtoto katafuta mteremko.

Baada ya wiki mbili alinijia wakati wa mapumziko, kadi tatu mkononi, bila habari ya mtu yeyote mdomoni. Nikajua kuna jambo.

"Mwalimu, shule haijafika hamsini. Ina arobaini na tisa."

"Kasema nani?"

Akazipanga kadi mezani. Ya kwanza ilitoka kwenye daftari la kuandikisha wanafunzi, lililokuwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya kiti changu. Ya pili, gazeti la zamani lenye picha ya ufunguzi na tarehe juu ya ukurasa. Ya tatu ilikuwa bibi yake, mwanafunzi namba nne katika daftari lile, aliyekumbuka kwamba wiki aliyoanza shule ndiyo aliyozaliwa mdogo wake wa mwisho.

"Bibi anaweza kukosea mwaka," nikasema kwa ukali.

"Ndiyo maana nikaomba cheti cha kuzaliwa cha babu mdogo. Yule kinyozi wa pale kona. Siku zote anatuambia ana arobaini na mbili." Akashusha sauti. "Alikataa kunionyesha. Bibi ndiye aliyekitoa sandukuni."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Aliyeshika kipindi changu mkononi ndiye aliyechapisha zile fulana. "Kwa nini usichukue swali jingine?" nikausikia mdomo wangu ukisema. "Nyuki, kwa mfano."

Akanikazia macho. "Kwani hili si kweli?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Miaka tisa nawahubiria watoto, halafu mara ya kwanza ukweli unanigusa mimi, namtuma mtoto kwa nyuki! Nikamrudishia kadi zake. "Ni kweli. Siku ya wazazi utasoma hivyo hivyo."

"Na hiyo hamsini ilitoka wapi? Niifuatilie?"

"Ifuatilie mpaka mwisho," nikasema, nikijiona shujaa. Nilikuwa na hakika huko mwisho atamkuta mchora mabango.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu Mkuu alikaa mbele na fulana yake, tumbo limeivuta ile 50 ikazidi kuwa pana. Redio akapanda jukwaani, akasoma kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika kwenye cheti cha kuzaliwa, ukumbi mzima ukamgeukia kinyozi.

"Arobaini na mbili, eti!" mama mmoja akapaza sauti, na watu wakavunjika mbavu. Mwalimu Mkuu hakucheka. Nikaanza kukiaga kipindi changu.

"Kadi ya nne," Redio akaendelea. "Kosa lilikotoka. Mchora mabango alipewa hamsini na karani. Karani alipewa na Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu..." akaigeuza kadi, "alipewa kikaratasi, na bado kipo kwenye faili la mwaka jana. Kimeandikwa: Inasemekana mwakani shule itatimiza miaka hamsini. Kimetiwa saini na mkutubi."

Darasa la saba lote likapiga ukelele mmoja: "Haaa!" Nilikumbuka vizuri. Ilikuwa asubuhi ya haraka, Mwalimu Mkuu kachungulia mlangoni kauliza umri wa shule, nami nikaandika nilichowahi kukisikia kwa mkutubi aliyenitangulia. Kabati lilikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokaa.

Nikasimama. "Mwandiko ni wangu," nikasema. "Sikutafuta. Nilisikia, nikaandika."

Mwalimu Mkuu akanitazama, akamtazama mtoto. "Binti, nani kakufundisha kumfuata mtu hatua kwa hatua namna hiyo, mpaka ndani ya mafaili yangu?"

Redio akaninyooshea kidole, machozi yakimlengalenga. "Yeye."

Mwalimu Mkuu akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu tumbo, na ile 50 ikacheza juu yake. Akavua miwani akajifuta macho. "Nilimtaka mtoto mmoja," akawaambia wazazi. "Nimempata, na amenikosoa hesabu. Kipindi cha maktaba kinabaki. Fulana hizi tutazivaa tena mwakani, zikiwa zinasema kweli."

Makofi yalipigwa mpaka nikashindwa kusikia mawazo yangu. Redio alishuka mbio, akasimama mbele yangu, kadi zimeshakunjwakunjwa mkononi.

"Umenikasirikia, Mwalimu?"

"Kidogo," nikamjibu, maana kumdanganya yule mtoto sasa ilikuwa kazi bure. Kisha nikamkumbatia mbele ya shule nzima, nikacheka mpaka nikalia.