Presha Imeshuka

Mtafiti kijana alikuwa amebakiza kikundi kimoja tu. Vikundi vilivyotangulia vilimjibu "ndiyo" na "hapana" kama mashahidi mahakamani, na bosi wake alishasema: leo wakinyamaza tena, mijadala basi, tutagawa madodoso. Bosi mwenyewe alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango wa kile chumba cha ghorofani juu ya kliniki.

Viti vilikaa duara. Kinasa sauti kikawashwa.

"Karibuni. Ni nini kinachokwamisha ufuasi wa dawa za shinikizo la damu?"

Mtu akakohoa kwa adabu.

"Mwanangu," alisema fundi cherehani, mama wa makamo aliyechomeka sindano kwenye kola, "hilo swali limevaa tai. Livue kwanza."

Wakacheka. Mtafiti naye akacheka, akaisukumia karatasi yake chini ya kiti. "Haya. Kwa nini watu wanaacha dawa za presha?"

"Mimi nimeacha kwa sababu imeshuka," fundi alijibu. "Nesi kanipima, kaniambia mwenyewe: mama, presha imeshuka."

"Hata mimi," alidakia kinyozi. "Abiria akishashuka, unamdai nauli ya nini?"

"Wako kashuka kununua maji tu," mlinzi mstaafu alimtania. "Anarudi huyo."

"Atakuta nimeshaondoka."

Moyo wa mtafiti ulirukaruka. Imeshuka! Habari njema ya nesi ndiyo iliyokuwa ikiwatoa watu kwenye dawa. Ulimi ukamwasha awasahihishe, lakini anayeongoza mjadala hafundishi; akianza kufundisha, watamjibu anachotaka kusikia. Akaung'ata ulimi.

"Ikishuka," akauliza, "inakwenda wapi?"

Chumba kikachemka. Huyu alisema inatoka na jasho, yule inarudi kwa aliyekuudhi, na mlinzi akaapa yake ilihamia kwa mkewe. Bosi aliburuta kiti chake mpaka ndani ya duara, bila kukaribishwa.

Kinasa sauti kilipozimwa, bosi alimnong'oneza mtafiti: "Madodoso yasubiri. Nitafutie kikundi kingine kama hiki."

Fundi cherehani hakuinuka. "Sasa tuambie, mwanangu. Kwani haijashuka?"

"Imepungua, mama, lakini garini bado imo. Imekaa siti ya nyuma, na dawa ndiyo inayoikalisha."

Fundi alitafakari, kisha akamgonga kinyozi begani.

"Inuka, abiria. Tushuke kwa nesi kabla hajafunga."