Mawe ya Kufulia Jangwani

Mayimuna alichagua jangwa kama alivyozoea kuchagua nyanya sokoni: kushuku kwanza, kununua baadaye. Mume wake, Siraj, alikaa mbele yake mkekani akimwonyesha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine. Wateja wake walikuwa watu wa Kampala, wale wenye magari makubwa ya kupanda mawe na kuzama mchangani kwa raha zao, na safari hii walitaka jangwa la kaskazini mwa Kenya. Mwaka uliopita Siraj alikuwa amewatoa kwenye matope ya Karambi walipokwama hadi milangoni, wakampenda. Wakamwambia yeye ndiye atakayetangulia na gari lake, na jangwa achague yeye. Siraj, kama ilivyokuwa desturi yake, akauleta uchaguzi nyumbani kwa mke wake.

Majirani walicheka sana juu ya desturi hiyo. "Gari ya Siraj iko na usukani mbili," walisema. "Moja iko jikoni." Wacheke tu. Watu husahau upesi wafu wa wenzao.

Desturi ilianza mwaka 2013, mto Nyamwamba uliposhuka na kubeba nyumba za watu. Siku ile mjini kwao Kasese, magharibi mwa Uganda, jua lilikuwa linawaka na nguo zimeanikwa. Mvua ilikuwa inanyesha huko juu milimani, mbali, mahali ambapo mtu wa mjini hapaoni wala hapafikirii. Mayimuna alisikia mawe yakigongana mtoni. Akamfunga binti yao Nasifah mgongoni akamwambia mume wake, "Baba Nasifah, tutoke sasa hivi. Mimi nabeba mtoto, wewe beba mama." Siraj akasema mto ule ni kelele za kila siku, ngoja kwanza atoe gari. Akalitoa Landkruza lake, akalipandisha hadi barabarani. Alipogeuka, nyumba ilikuwa imejaa maji ya matope, na mama yake, Hajati Nabila, ambaye miguu yake haikuwa ikimchukua tena, hakuonekana.

Gari halikupata hata mkwaruzo. Siku ya arobaini Siraj alisimama mbele ya ndugu zake, macho mekundu, akasema kwamba tangu siku hiyo neno la Mayimuna juu ya njia halitapingwa nyumbani kwake. Watu walidhani ni majonzi, yatapita. Hayakupita. Kila safari tangu siku hiyo, iwe ya kahawa au ya wazungu wa milimani, alimuuliza mkewe apite wapi na alale wapi, naye akafuata alivyoambiwa bila kuongeza wala kupunguza.

Mtu asiyejua anaweza kumwonea wivu mke wa namna hiyo. Mayimuna hakujionea wivu. Kila alipomtajia mumewe njia, alihesabu saa mpaka mume arudi.

"Hii inaitwa Chalbi," alisema Siraj.

"Na hii inang'aa hapa ni nini? Maji?"

"Chumvi hiyo. Maji hakuna."

"Chumvi ilitoka wapi kama si kwa maji? Toa."

Akamwonyesha bonde la Suguta. Mayimuna aliona kwa mbali ziwa, akaliondoa kwa kidole kabla mumewe hajafungua mdomo. Picha ya tatu ilikuwa ya sehemu moja huko mbele ya Lodwar, nchi ya Waturkana. Tambarare kavu, vichaka vya miiba, vilima vya kijivu upande wa mwisho. Katikati palikuwa na mchanga mweupe, mpana kama barabara ya lami, na miti mirefu imejipanga kando yake. Mayimuna alirudia kuitazama. Moyo ulitulia kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Hapa," alisema, akaweka kidole juu ya miti. "Hapa mtalala. Iko kivuli, iko mchanga laini. Na maji hakuna hata ya kutawadha."

"Tutatayamamu na mchanga," Siraj akacheka.

"Usicheke. Mlale hapa hapa chini ya miti. Usinitafutie mahali pengine."

"Neno lako, Mama Nasifah."

Akamtumia picha ile kwenye simu yake, ili mkewe awe anaiangalia akimkumbuka. Kulipokucha akaondoka.

Siku ambayo msafara ulitarajiwa kufika kwenye miti ile ilikuwa siku ya soko, na Mayimuna alikuwa Bwera, mpakani na Kongo, kununua vitenge vya kuuza Kasese. Aliingia kwenye kibanda cha Wivine, mama Mkongo rafiki yake wa miaka mingi, aliyekuwa anapima kitambaa kwa mkono huku anamfukuza kwa maneno mwendesha boda aliyeegesha pikipiki mlangoni. Mayimuna akatoa simu. Alikuwa na fahari kidogo, tusimnyime. Ni wanawake wangapi wa Kasese waliokwisha kuchagua jangwa?

"Angalia mahali Baba Nasifah atalala leo."

Wivine alifuta mikono, akaishika simu mbali na macho, kama wafanyavyo watu wenye umri wao. "Kumbe jangwa iko muzuri hivi? Na miti iko! Na angalia, hata mawe ya kufulia beko nayo. Mawe muzuri, ya kulainika, sawa ya kwetu ku Lhubiriha." Akamrudishia simu, akaendelea kupima kitambaa chake.

Lhubiriha ni ule mto wa mpakani, na wanawake wa Bwera hufua nguo juu ya mawe yake.

Mayimuna aliikuza picha kwa vidole viwili. Chini ya miti, mchangani, palikuwa na mawe. Hakuwa ameyaangalia, kwa sababu alikuwa anatafuta maji, na mawe si maji. Yalikuwa ya mviringo, laini, makubwa kwa madogo. Mbele ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na rundo la mawe ya namna hiyo, aliyoyaleta Nyamwamba siku ile na ambayo hakuna mtu aliyekuwa na nguvu ya kuyarudisha. Alikuwa akikalia moja kila jioni akichambua mchele. Jiwe halizaliwi mviringo. Linasukumwa na maji, linagongana na wenzake, mpaka pembe zake zote zinaisha.

Akaikuza zaidi. Mizizi ya miti ilikuwa nje upande mmoja. Na kwenye matawi, juu ya kimo cha mtu mzima, kulikuwa na majani makavu na vijiti vimenasa, vyote vimelala kuelekea upande mmoja. Hakuna ndege anayejenga kiota cha namna ile.

"Mama Nasifah, uko mugonjwa?" Wivine aliuliza. "Kaa chini. Kaa."

"Hii si barabara, Wivine. Ni mto."

"Muto wapi? Maji yake iko wapi?"

"Haijafika bado."

Wivine akacheka kwa wasiwasi, akamshika bega. "Ile ni jangwa, mama. Kule mvula hainyeshake."

"Hata Kasese siku ile haikunyesha," alisema Mayimuna. "Nguo zangu zilikuwa zimekauka."

Alimpigia Siraj. Yule mwanamke wa mtandao akamjibu kwa upole kwamba simu haipatikani. Akapiga tena, akajibiwa kwa upole uleule, mpaka akamchukia mwanamke yule kama mke mwenza. Akampigia Nuwa, kiongozi wa wale wateja wa Kampala. Naye hakupatikana. Mwishowe akampata Eseri, mke wa Nuwa, ambaye namba yake Siraj alikuwa amemwachia Mayimuna kwa dharura.

Eseri alimsikiliza, kisha akacheka. Hakucheka kwa ubaya. "Mama, watu huko wanakufa na kiu, wewe unaleta mafuriko? Pole. Nuwa aliniambia mambo yenu ya Kasese. Ni hofu tu."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kila mtu anajua, na Mayimuna alijua kwamba ndivyo anavyoonekana. "Labda ni hofu," alisema. "Leo umeongea naye?"

"Asubuhi, walikuwa Lodwar wananunua mkate. Alisema pako pazuri sana. Milima ya upande wa Uganda imefunikwa na mawingu meusi, alitaka kupiga picha lakini..." Kicheko kilimwisha. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mama, tufanye nini?"

Hapakuwa na la kufanya. Eseri alisema atatafuta mtu yeyote anayejua mtu huko Lodwar. Mayimuna aliacha vitenge vyake kwa Wivine bila kuvifunga, akapanda gari la kwanza la kurudi Kasese. Njiani abiria waliongea juu ya bei ya kahawa, naye alishika simu kwa mikono miwili kifuani. Walipopita Kikorongo aliitazama milima ya Rwenzori upande wa kushoto. Ilikuwa imefunikwa yote. Alijiinamia, hakutazama tena.

Wala si maji yaliyomtisha zaidi. Angekuwa na mume mkaidi, kama waume wa wenzake, angepata tumaini. Angesema labda amepaona pabaya, labda amebadili mawazo, labda amechoka akalala Lodwar. Lakini alimjua Siraj. Siraj angefika pale, angeyaona mawe yale na kuyatambua, kwa sababu naye analala nyumba moja na mawe kama yale. Kisha angekumbuka siku aliyoambiwa "tutoke" akasema "ngoja". Angetandika mkeka wake chini ya miti. Mayimuna alikuwa amekimbia mto miaka yote hii, na kwa mdomo wake mwenyewe amempeleka mume wake kulala ndani ya mto. Ameruka majivu, amekanyaga moto.

Magharibi alisali, akabaki amekaa mkekani. Nasifah, ambaye sasa alikuwa binti wa sekondari, alimsikia mama yake akiomba dua ya ajabu. "Ya Allah, mfanye mume wangu awe mkaidi. Leo tu. Leo tu asinisikie."

"Mama, baba iko na shida?"

"Niletee maji," alisema Mayimuna, kisha akasema, "Hapana. Usilete. Kaa hapa na mimi."

Usiku ule hatutausimulia. Aliyewahi kusubiri simu anaujua, na ambaye hajawahi, Mungu amwepushe.

Jua lilikuwa limeshapanda siku ya pili, Mayimuna amekaa juu ya jiwe lake mbele ya nyumba, simu ilipolia. Namba ilikuwa ya Kenya. Aliiangalia ikilia. Nasifah ndiye aliyebonyeza, akamwekea sikioni.

"Mama Nasifah."

Ilikuwa sauti ya Siraj, imekauka, lakini ni yake.

"Unasikia? Tuko wazima. Wote. Hii simu nimeomba kwa mtu wa duka, tumetembea mpaka hapa."

"Ulilala pale," alisema Mayimuna.

"Nililala pale. Uliposema."

"Mimi nilikosea, Baba Nasifah. Ile ilikuwa..."

"Najua. Niliona mawe tukifika tu." Akavuta pumzi. "Niliona, nikatandika."

Mayimuna akafumba macho. Nasifah alimshika mkono.

"Sikulala usingizi," Siraj akaendelea. "Juu iko nyota tupu, hakuna mvua hata tone. Halafu nikasikia. Nuwa alisema ni radi. Nikamwambia hapana, ni mawe, mimi hiyo sauti naijua. Nikapiga kelele, watu wapande juu kwa ukingo. Nuwa akakimbilia gari yake, nikamvuta na shati mpaka shati ikapasuka."

"Na wewe?"

"Tulikuwa na mzee mmoja wa huko, tulimchukua Lodwar atuonyeshe njia. Yeye alisema jioni, msilale hapa. Nikamwambia mke wangu amesema hapa. Akashangaa, lakini akalala na sisi. Mguu wake moja ni mbaya, hawezi kukimbia. Nilimbeba. Kwa mgongo. Ni mwepesi, Mayimuna. Mwepesi tu kama mama."

Tangu Nasifah azaliwe Siraj hakuwa amemwita mkewe kwa jina lake. Mayimuna alianza kulia, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, majirani wakachungulia. Hakutaka kuuliza, lakini mdomo uliuliza wenyewe.

"Na gari?"

"Gari imeenda. Yangu na ya Nuwa, na ile ingine. Imepinduka mbele ya macho yetu. Ufunguo iko hapa kwa mfuko yangu. Nilikuwa nao kwa mkono wakati mawe inakuja. Sikuenda kutoa gari."

"Umefanya vizuri," alisema Mayimuna. "Baba Nasifah, umefanya vizuri sana."

Gari lile lilikuwa chakula chao, karo ya Nasifah, na fedha za nusu ya paa la nyumba. Mayimuna aliyajua yote hayo na hakuyajali asubuhi ile. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Rudi nyumbani," alisema.

"Nitarudi. Wamesema iko lori mbili zinashuka leo, moja inapita Kitale, ingine inazunguka huko mbali." Akangoja kidogo, kama alivyozoea kungoja. "Nipande ipi?"

Mayimuna aliyatazama mawe mbele ya nyumba yake. Neno lilimjia mdomoni, Kitale, ndiko karibu, naye akalimeza.

"Mimi sijui njia ya huko," alisema. "Muulize yule mzee."