Chumba cha Zamu Mbili

Kazini walimwita Bi Kasoro, na jina hilo alilipata kwa haki. Miaka kumi na minane alikuwa amekaa katika idara ya upimaji ya kampuni kubwa ya michezo ya video, na kazi yake ilikuwa kutafuta makosa ya wenzake. Alimchukua askari wa kwenye mchezo akamgongesha ukuta mmoja baada ya mwingine, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, aone kama kuna mahali atapenya. Kisha aliandika: "Ghorofani, mlango wa tatu. Askari anazama sakafuni hadi magotini." Jioni aliletewa habari kwamba sakafu imerekebishwa. Kesho yake alianza upya kwenye mlango wa kwanza, kwa sababu aliyetengeneza sakafu mara nyingi alikuwa ameharibu dari.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita na umefika toleo la tisa. La nane lilipiganwa jangwani, la tisa likapiganwa kwenye theluji. Bunduki zilikuwa zile zile, zimepakwa rangi nyingine.

"Kampuni kubwa haizai," alipenda kusema Profesa wakati wa chakula cha mchana. Profesa alikuwa mtengenezaji wa programu, na walimwita hivyo kwa sababu hakuna swali lililowahi kumkuta hana jibu. "Kampuni kubwa inanenepesha tu. Ukileta kitu kipya hapa watakipima urefu, watakipima uzito, watakikatakata mpaka kifanane na cha mwaka jana. Halafu watakitangaza kuwa kipya."

Meza nzima ilicheka. Bi Kasoro naye alicheka kutoka meza ya pili, alikozoea kukaa peke yake. Si kwamba walimchukia. Ila mtu ambaye kila akija mezani kwako anakuja na kosa lako mkononi, hutamani kula naye.

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, safi kupita kiasi. Ndoa yake ilidumu miaka minne ikaisha bila ugomvi, wakagawana vyombo na kutakiana heri. Ndugu aliyebaki naye ni mmoja, mdogo wake wa kike, muuguzi, aliyeolewa mji wa mbali, safari ya siku nzima. Walitumiana ujumbe wa sauti. Wa mdogo wake ulikuja na vurugu za watoto nyuma, mfupi, ukiishia na "nitakupigia, dada." Kupiga kwenyewe kulichukua wiki, pengine mwezi.

Basi mwaka ule toleo la tisa likadoda. Wakubwa wakashikwa na homa, na tangazo likatoka: mfanyakazi yeyote, awe mpimaji, awe mpishi wa kantini, alete wazo la mchezo ambao haujawahi kuonekana. Ukurasa mmoja tu. Profesa akasema hiyo ni dawa ya kuwatuliza wenye hisa. Bi Kasoro alichukua karatasi, na kabla chai yake haijapoa alikuwa ameijaza.

Aliandika kuhusu chumba.

Zamani, yeye na mdogo wake walipoanza maisha mjini, walipanga chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Yeye aliuza katika duka la kompyuta mchana. Mdogo wake, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha uuguzi, alipangiwa zamu ya usiku hospitalini. Mmoja akitoka, mwingine bado hajaingia. Miaka mitatu waliishi hivyo, wakaonana kwa nadra kama majirani wasiosalimiana. Lakini Bi Kasoro alipofungua mlango jioni alikuta kitanda bado kina joto. Alikuta gauni lake limepigwa pasi, dirisha limeachwa wazi kidogo, redio imewekwa kwenye stesheni anayoipenda. Naye alimwachia mwenzake chai kwenye chupa na karatasi ya maneno mawili matatu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na mwenzi kama alivyokuwa naye katika miaka ile.

Mchezo aliouandika ulikuwa huo. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwake, wanaishi chumba kimoja kwa zamu. Hawaonani. Hawaandikiani wala hawasikii sauti ya mwingine. Kila mmoja anakuta alichoacha mwenzake, basi. Hakuna pointi, hakuna adui.

Wiki mbili baadaye aliitwa ghorofa ya juu. Mkurugenzi, mwanamume mwembamba mwenye mazoea ya kuzungusha kalamu vidoleni, alikuwa ameuweka ule ukurasa peke yake juu ya meza.

"Hawakutani kabisa?" aliuliza.

"Kabisa."

"Hata mwisho?"

"Hakuna mwisho. Mmoja akihama, mwenzake anakuta kabati tupu."

Mkurugenzi aliacha kuzungusha kalamu. "Sielewi kwa nini napenda kitu hiki," alisema. "Tutakitengeneza."

Bi Kasoro alishuka ngazi zote kwa miguu huku lifti ipo. Alitaka kumwambia mtu. Alimrekodia mdogo wake ujumbe mrefu, akausikiliza, akajiona kama anajisifu, akaufuta.

Na ukweli lazima usemwe: waliutengeneza vizuri. Watu mia na sitini walipewa kazi hiyo. Mchoraji mmoja alitumia wiki tatu kwa mkunjo wa shuka tu, namna mwili unavyoacha alama kitandani na alama inavyojifuta taratibu. Fundi wa sauti alirekodi birika la chai katika vyumba kumi na viwili mpaka akapata mlio wa chumba kidogo. Hata Profesa, aliyehamishiwa huko shingo upande, alibuni njia ya mwanga wa dirishani kufuata jua la mahali mchezaji alipo. Bi Kasoro aliyatazama hayo akajua kuwa peke yake, na kompyuta yake ya nyumbani, asingefika hata robo.

Lakini kadiri chumba kilivyozidi kuwa cha kweli, ndivyo yeye alivyozidi kuwa mgeni ndani yake. Alipewa cheo cha mshauri. Aliketi mwisho wa meza katika vikao ambavyo watu walisema "mchezo wetu" na kubishana juu ya rangi ya pazia, na pazia lenyewe, lile la kweli, yeye ndiye aliyelishona.

Vita vilizuka pale mkuu wa masoko, mama mchangamfu asiyejua kusema kwa sauti ya chini, alipoleta hoja yake.

"Lazima wakutane," alisema. "Siku ya thelathini mlango unafunguka, wanaonana, wanakumbatiana. Watu watalia! Watarekodi, watarusha mitandaoni!"

"Wakikutana mchezo umekufa," alisema Bi Kasoro.

"Mama, watu ni wapweke. Wanataka kukutana."

"Najua watu ni wapweke," alijibu. Watu wakaangalia makaratasi yao.

Mkurugenzi aliamua ipimwe. Walitafutwa wachezaji mia nane. Nusu walipewa mchezo wenye mlango unaofunguka, nusu ule usiofunguka. Mwezi mzima Bi Kasoro hakulala usingizi wa maana. Majibu yalipokuja yalikuwa hivi: waliokutana walifurahi siku ile, wakaacha kucheza siku ya pili. Wasiokutana waliendelea.

"Takwimu zimekuunga mkono," mkurugenzi alimwambia, akimpa mkono. "Hongera."

Bi Kasoro alishukuru. Alikuwa ameshinda, na chumba kimebaki kama alivyokitaka. Ila njiani kurudi kwenye kiti chake lilimjia wazo ambalo halikumpendeza: hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba alikuwa amemwelewa.

Mchezo ulitoka, wakauita *Zamu*, na ukaenea kama moto wa nyikani. Magazeti yaliandika kwamba kumbe kampuni kubwa nazo zinaweza. Profesa alimfuata Bi Kasoro kantini na sinia lake, akaketi mbele yake kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo.

"Nimekula maneno yangu," alisema.

"Yana ladha gani?"

"Ya kantini hii hii." Wakacheka wote wawili. Kisha Profesa akaongeza, "Subiri tu. Wakishajua njia ya kupita, watapita hapo hapo mpaka ardhi itoboke."

Bi Kasoro alikuwa hamsikilizi sana. Akili yake ilikuwa kwa mdogo wake. Alikuwa amemtumia mchezo bila maelezo, ameandika tu: "Cheza, halafu uniambie." Aliwaza jinsi atakavyofungua, aione redio, chupa ya chai, pazia, apige kelele nyumba nzima isikie.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu, Jumapili mchana, simu ikaita.

"Dada," alisema mdogo wake. Safari hii hakukuwa na watoto nyuma yake. "Nimecheza."

"Enhe? Umekijua chumba?"

"Nimekijua nilipofungua tu. Mpaka ule ufa wa kwenye kioo. Nimecheza siku mbili. Nimeshindwa kuendelea."

"Kwa nini? Kimekwama? Maana kuna kosa moja kwenye simu za zamani..."

"Dada, achana na makosa ya simu. Mimi nilikichukia kile chumba."

Bi Kasoro alikaa chini.

"Wewe ulikuwa unakuta kitanda kina joto unafurahi," mdogo wake aliendelea, polepole, kama mtu anayemfungua mgonjwa bandeji. "Mimi nilikuwa nakuta kina joto nalia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nashika mikono ya watu wanaokufa. Kuna asubuhi nilitoka wodini wamekufa watatu, mmoja mtoto. Nikatembea haraka, nikasema leo nitamkuta, leo nitamwambia dada. Nikakuta karatasi. Umeandika, 'Chai ipo kwenye chupa, usisahau kufunga dirisha.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi?"

Bi Kasoro alitazama ukuta wa sebule yake, usio na doa.

"Sijakulaumu," mdogo wake alisema. "Ulikuwa unanilisha, ulikuwa unanilipia chumba. Gauni lako nilikuwa nalipiga pasi ili nipate kitu chako cha kushika. Ila usije ukadhani tulikuwa pamoja. Wewe ulikuwa pamoja na mimi. Mimi nilikuwa peke yangu."

Kisha mdogo wake akasema wageni wamefika, akaaga, na kwa mara ya kwanza hakuahidi kwamba atapiga.

Siku tatu Bi Kasoro alienda kazini kama mtu anayetembea ndani ya maji. Watu walimpongeza koridoni. Kila pongezi ilimchoma. Mamilioni ya watu walikuwa wanaingia chumbani mwake kwa zamu, na nusu yao, huenda, walikuwa wanakuta joto na kulia, wala hawakuwa na namna ya kusema. Aliyewaziba mdomo ni yeye, na alikipigania kizibo hicho kwa meno na kucha.

Siku ya nne alishika karatasi akaandika tena ukurasa mmoja. Wakubwa walikuwa tayari wamekwishatangaza *Zamu 2*: nyumba kubwa zaidi, watu wanne badala ya wawili, mapazia ya kununua. Kwenye kikao aliomba nafasi.

"Toleo la pili," alisema, "mchezaji awe na alama moja ya kuacha. Maana yake ni 'nisubiri.' Akiikuta mwenzake, anachagua. Akitoka kwenda zake, hakuna kinachobadilika. Akisubiri, anachelewa kazini mle mchezoni, anapoteza mshahara wa siku, pengine anapoteza kazi. Lakini yule mwingine akifungua mlango, anamkuta mtu. Mara moja tu, kwa gharama hiyo."

Mkuu wa masoko, ambaye ndiye aliyewahi kutaka wakutane, alifungua kompyuta yake.

"Mama, wewe mwenyewe ulituthibitishia. Wakikutana, wanaacha kucheza. Takwimu tunazo."

"Zile takwimu zilipima mlango unaojifungua wenyewe. Hazikupima mtu aliyekusubiri."

"Ni hatari," alisema mkurugenzi. Kalamu ilikuwa inazunguka. "Wazo zuri, lakini watu wameshajua *Zamu* ni nini. Tukiwabadilishia sasa watasema tumewageuka. Labda toleo la nne, la tano."

Bi Kasoro aliangalia mwisho mwingine wa meza. Profesa aliinua mabega kidogo, bila furaha, akainamisha kichwa.

Hakuacha kazi. Wengine wangeacha, na ingekuwa hadithi nzuri zaidi, lakini yeye alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa na hakujua kazi nyingine. Aliomba arudishwe idara ya upimaji, wakamkubalia kwa haraka iliyomuumiza kidogo. Akaanza kupima nyumba mpya ya *Zamu 2*, ukuta kwa ukuta. Ule ukurasa wake wa pili uliwekwa kwenye faili, na faili likawekwa yanakowekwa mafaili.

Jumapili iliyofuata alimpigia mdogo wake mchana. Hakusubiri kupigiwa.

"Kuna nini?" mdogo wake alishtuka. "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Wale watatu uliosema. Yule mtoto. Niambie."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Ni zamani sana, dada. Alikuwa na shati la mistari," mdogo wake alisema, akaanza kusimulia. Alisimulia muda mrefu, wakati mwingine akirudi nyuma kusahihisha jambo dogo, na Bi Kasoro, ambaye maisha yake yote alilipwa kukatiza kazi za watu na kuonyesha penye kosa, hakumkatiza hata mara moja.