Mama Wawili wa Jafari

Jumatatu ile Émilienne aliona amefanya kila kitu kama alivyofundishwa. Hakukimbilia kumshika mtoto. Alimwangalia kwanza akiwa amepakatwa, akahesabu pumzi zake dakika nzima, akavuta kidogo ngozi ya tumbo na kuiachia. Ndipo akamgeukia mwanamke aliyemleta, Bushira, anayeuza samaki kando ya ziwa pale Baraka.

“We ni mama yake?”

“Ni mi mama yake,” Bushira alijibu, akacheka kidogo, kama mtu aliyependezwa na swali.

“Mutoto ameanza kuhara siku gani?”

“Jana.”

“Na kabla ya jana?”

“Mbele ya jana mi sikuona kitu.”

Émilienne akaandika: kuhara, siku moja. Akampa dawa ya kuchanganya na maji, akamwonyesha namna ya kuinywesha kwa kijiko, akawaaga. Mtoto aliitwa Jafari, wa miezi kumi na minane.

Émilienne alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi Bukavu miezi mitano iliyopita, na kituo hiki cha afya kilikuwa kazi yake ya kwanza. Aliamini kwamba mtoto akiangaliwa vizuri hafi. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini imani hiyo ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi.

Alhamisi Bushira alirudi uso umechangamka.

“Muganga, angalia! Ameanza kunenepa.”

Kweli mashavu yalikuwa yamejaa, na miguu imekuwa minene. Kina mama waliokaa kwenye benchi wakashangilia.

“Bushira, samaki yako iko na nguvu! Utunenepeshe na siye.”

“We umenenepa kupita kiasi, mulango itakukatala,” Bushira akamjibu aliyesema, na benchi lote likacheka.

Jafari hakucheka wala hakulia. Nywele zake zilikuwa nyepesi, rangi imefifia. Émilienne akaweka vidole gumba viwili juu ya miguu yake, akabonyeza, akahesabu polepole, akaachia. Vishimo viwili vikabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

Bwaki, utapiamlo unaovimbisha mwili. Na bwaki haiji kwa siku nne. Jumatatu hakuibonyeza miguu hiyo. Aliambiwa mtoto anahara tangu jana, akaridhika.

Sauti ikampanda bila yeye kutaka.

“Bushira, huyu mutoto, ni we ulimuzaa?”

Benchi lote likageuka.

“Amezaliwa na dada yangu, kule Lubondja,” Bushira akasema. “Dada iko na mimba ingine, balimuachisha kunyonya. Balisema alihara wiki tatu kule. Jumapili balimuleta kwangu akule samaki.”

“Wiki tatu! Sasa mbona uliniambia we ni mama yake?”

“Kwani mi ni nani?”

Émilienne alijua jibu. Yeye mwenyewe alilelewa Nundu na mdogo wake mama yake, na hakuwahi kumwita jina lingine ila mama. Hata mtoto mdogo wa huko angejua kuuliza, mama yupi? Lakini hofu ikasema kabla yake.

“We si mama yake. Ningejua, ningetafuta mama yake mwenyewe.”

Mtu mmoja kwenye benchi akasonya. Wote walijua kwamba Bushira ana miaka tisa ya ndoa na hajazaa.

Bushira akamweka Jafari mgongoni, akaanza kufunga kitenge.

“Tuende hospitali sasa hivi,” Émilienne akasema haraka. “Kuko maziwa ya dawa, kuko kitanda. Kwa pikipiki ni dakika makumi mbili tu. Nitakusindikiza mi mwenyewe.”

“Akifia mu mikono yangu, batasema nini? Batasema mugumba ameua mutoto ya benyewe.”

“Hafi! Tukienda leo, hafi.”

“We umesema mbele ya batu mi si mama yake. Basi namurudisha kwa mama yake.”

Mkubwa wa kituo, mzee Anatole, akatoka ofisini kwa sababu ya kelele. Akaelezwa.

“Mama Bushira, umusamehe huyu. Ni mutoto bado. Peleka Jafari hospitali.”

“Nimemusamehe, baba. Lakini amesema kweli.”

Émilienne akamfuata hadi barabarani, akashika ncha ya kitenge.

“Mama, nakuomba.”

“Sasa hivi ndiyo unaniita mama,” Bushira akasema, bila hasira. Akapanda nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi. Hospitali ilikuwa upande wa ziwa. Moto ikashika njia ya Fizi, ikapanda milimani kuelekea Lubondja.

Anatole akampigia simu muuguzi wa Lubondja, awangoje kijijini, amchukue mtoto mara tu atakapofika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Hadi jioni moto ilikuwa haijafika.

Ijumaa asubuhi yule muuguzi akapiga. Jafari alikuwa amefikishwa kwa mama yake. Alikufa njiani, mgongoni, na Bushira hakujua mpaka alipofungua kitenge uani kwa dada yake.

“Kesho naenda kule,” Émilienne akamwambia Anatole.

“Utaenda kusema nini?”

“Sijui.”

“Basi usiende, binti yangu. Utabaongezea uchungu tu.”

Alienda. Alifika Lubondja mchana wa Jumamosi, matope hadi magotini. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Bushira alikuwa kando yake, anampepea kwa kipande cha katoni. Alimwona Émilienne amesimama kwenye njia. Akaweka katoni chini, akainuka, akaingia ndani.

Wanawake wakasogea kumpa mgeni nafasi. Émilienne akakaa. Alikaa hadi watu wakaanza kuondoka, na Bushira hakutoka.